Wifi Akinuna Ukumbini



Leo siandiki habari za singo wala udi, wala namna ya kufunga mtandio usiteleze. Hayo tumeshayasema sana na InshaAllah tutayarudia. Leo nataka tuzungumze kuhusu kile kisanduku chenye taa kinachokaa juu ya kabati la tivii, ambacho siku kikigoma nyumba nzima inapoa. Ruta ya intaneti.

Mwanamke akiolewa siku hizi anapata wifi wawili. Wa kwanza ni dada wa mume, huyo mmeshajuana tangu siku ya posa. Wa pili ni waifai. Yule wa kwanza akinuna unajua pa kuanzia: unampikia anachokipenda, unamtembelea, unamtuma kaka yake akazungumze naye. Huyu wa pili akinuna, wengi wetu tunakaa tu tukimtizama. Tunabonyeza hapa, tunatikisa pale, kisha tunampigia simu mwanamume yeyote tunayemjua atusaidie.

Msinicheke kwa kuleta mada hii kwenye ukurasa wa mambo yetu ya kike. Hebu hesabuni ni wangapi kati yetu rizki yao inapita humo. Kuna anayepika keki, anayechora hina, anayeuza manukato na mabaibui, na sisi tunaoshona nguo za harusi. Mteja anaona picha kwenye simu, anauliza bei, na asipojibiwa ndani ya saa mbili ameshahamia kwa mwengine. Intaneti ikikatika siku nzima, hiyo ni siku ya duka kufungwa.

Na kuna sababu nyengine ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Mume yuko kazini au yuko safarini, intaneti imekatika, unamwita fundi. Fundi mwenyewe ni kijana wa watu, hana neno, lakini ni ajinabi na wewe uko peke yako ndani. Mtume (s.a.w.) ametukataza mwanamume na mwanamke kukaa faragha bila ya mahram. Sasa mara nyingi anapokuja anakuta waya umelegea tu. Dada yangu, umemwingiza mtu ajinabi mpaka ndani kwa sababu ya waya uliolegea? Hili ni jambo la kujifunza, na halihitaji chuo kikuu. Mimi elimu yangu ni ya skuli ya sekondari na kozi ya ushoni, na haya nitakayoyaeleza nayafanya mwenyewe.

Mwanzo wa kazi ni utaratibu

Nilipokuwa najifunza kushona, mwalimu wetu alikuwa na sheria moja. Cherehani ikianza kuruka mishono, usiguse skrubu. Tizama sindano kwanza: imepinda, imekuwa butu, au imewekwa kinyume? Kisha pitisha uzi upya tangu mwanzo. Kisha tizama bobini. Hayo yote yakiwa sawa ndipo uguse mkazo wa uzi. Na kila ukibadilisha kitu kimoja, shona kidogo kwenye kipande cha kitambaa uone. Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja na mashine ikapona, hutojua kilichoiponya. Ikizidi kuharibika, hutojua ulichokiharibu.

Ruta nayo inataka hivyo hivyo. Anza na kilicho chepesi, badilisha kimoja kimoja, kisha jaribu.

Waifai si intaneti

Hili likikuingia, nusu ya kazi imekwisha. Waifai ni kile kichochoro kinachotoka mlangoni kwako mpaka barabara kuu. Intaneti ndiyo barabara yenyewe. Kichochoro kinaweza kuwa kimefagiliwa na kipo wazi, lakini barabara imefungwa, na hufiki popote.

Kwa hiyo tizama simu yako. Ikiwa alama ya waifai imejaa lakini ina alama ya mshangao, au simu inakwambia imeunganishwa lakini hakuna intaneti, basi simu na ruta wanaelewana vizuri. Tatizo liko baina ya ruta na mtandao wa nje. Ikiwa jina la waifai yako halionekani kabisa, au simu inakataa kuingia, basi tatizo liko hapo hapo ndani, baina ya simu na ruta.

Baada ya hapo jiulize: ni simu yangu peke yake, au ni kila mtu? Chukua simu ya mtoto, ya mama mkwe, au kompyuta, ujaribu. Ikiwa nyengine zinafanya kazi, iache ruta ya watu, ishughulikie simu yako. Washa hali ya ndege kwa sekunde chache kisha uizime. Ikikataa, ingia kwenye mipangilio ya waifai, iambie simu iusahau mtandao huo, kisha uingie upya kwa neno la siri. Tizama pia tarehe na saa. Programu nyingi hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na simu ambayo kalenda yake iko nyuma miaka mitatu itaviona vyeti vyote ni vibaya, ikatae kufungua chochote. Hili huwapata sana wenye simu iliyozimika betri siku nyingi.

Ikiwa kila simu imekwama, ndiyo sasa twende kwenye kisanduku.

Soma taa

Kila ruta ina taa zake na majina yanatofautiana, lakini kwa kawaida utakuta taa ya umeme, taa ya intaneti au ya mawimbi, na taa ya waifai. Ya umeme ikiwa imezimika, shida ni soketi, swichi ya ukutani, waya au adapta. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo uone kama inachaji. Ya umeme na ya waifai zikiwaka, lakini ya intaneti imezimika au ni nyekundu, basi barabara ndiyo imefungwa.

Wenye intaneti ya faiba wana kisanduku kinacholetewa ule waya mwembamba, na mara nyingi kina taa iliyoandikwa LOS. Hiyo ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki. Waya wa faiba ndani yake ni kioo chembamba kinachopitisha mwanga, kwa hiyo ukikunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati, au ukibanwa na mguu wa kochi, unaweza kuvunjika na nje usionekane kitu. Unyooshe taratibu, tizama kama haukubanwa pahala. Usiuchomoe ukachungulia ncha yake, kwa sababu mwanga ule jicho haliuoni lakini unaweza kulidhuru. Taa ikibaki nyekundu, hiyo si kazi yako tena, mpigie mtoa huduma.

Kwa waya wa kawaida unaotoka kisanduku kimoja kwenda chengine, uchomoe na uurudishe mpaka usikie "tik". Na uhakikishe umeingia kwenye tundu lake. Tundu la kuingizia intaneti, lililoandikwa WAN, mara nyingi lina rangi tafauti na yale ya LAN yaliyopangwa pamoja. Wakati wa kufuta vumbi, au wakati wa kuhamisha fanicha kwa ajili ya harusi, waya huu hurudishwa kwenye tundu la jirani. Taa zitawaka vizuri na intaneti hutoipata.

Zima, subiri, washa

Kila mtu anajua kuzima na kuwasha, lakini wengi huzima na kuwasha papo hapo, kisha wakasema haikusaidia. Chomoa kwenye umeme, hesabu mpaka 30 au subiri dakika nzima, ndipo uchomeke. Ndani ya ruta kuna kumbukumbu ya muda ambayo baada ya siku nyingi hujaa au huchanganyikiwa, na umeme ukibaki ndani kidogo haifutiki. Ikiwaka upya inajitambulisha tena kwa mtandao na kupewa anwani mpya. Kisha ipe dakika tatu mpaka tano itulie. Wenye visanduku viwili waanze kuwasha kile cha faiba, taa zake zikitulia ndipo wawashe ruta.

Subira hapa ni dawa ya kweli. Anayeizima kila baada ya dakika moja anairudisha nyuma kila inapokaribia kufika.

Siku ya bi harusi wa Mfunguo Mosi

Mfunguo Mosi, kama mnavyojua, Idi ikimalizika tu harusi zinafuatana. Nilikuwa na bi harusi mmoja ambaye mama yake anafanya kazi Muscat, na likizo yake ingeanza siku moja tu kabla ya nikah. Nguo alikuwa hajaiona hata mara moja. Tukakubaliana siku ya kupima aione kwa video, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Saa saba kwao, saa sita kwetu, na muda wake ni nusu saa.

Nyumba ninayofanyia kazi iko Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe na chokaa, nene kama unavyozijua kuta za kizamani, na ndani ya chumba cha kupimia simu hazishiki mtandao vizuri. Barazani zinashika. Lakini huwezi kumsimamisha bi harusi barazani na shela lake, kichwa wazi, wanaume wanapita. Ruta ndiyo tegemeo letu, kwa sababu iko juu karibu na dirisha ambapo mawimbi yanafika.

Usiku wake umeme ulikuwa umekatika. Saa tano na robo asubuhi mpwa wangu akanijia: "Mamdogo, intaneti hakuna." Bi harusi ameshavaa, tumeshamfunga kamba za mgongoni, na macho yake yameshaanza kujaa maji.

Nikaanza na utaratibu. Simu yangu haipati, ya mpwa wangu haipati, kwa hiyo si simu. Nikapanda juu kutizama taa. Ya umeme imewaka. Ya waifai ikawaka. Ya mawimbi ikaanza kuwaka, kisha zote zikazimika kwa pamoja na kuanza upya. Nikasimama nikazitizama mara mbili, mara tatu. Kila ikifika kwenye kutafuta mtandao, inakufa na kuzaliwa tena.

Ruta iliyoharibika inaweza kufanya hivyo. Lakini na ruta isiyoshiba umeme inafanya hivyo pia, maana kuwasha taa kunataka umeme mdogo, kurusha mawimbi kunataka mwingi zaidi. Nikaigeuza. Chini ya ruta kibandiko kinasema 12V. Nikasoma adapta iliyochomekwa: 9V. Umeme ulipokatika mpwa wangu alichomoa kila kitu akakiweka kwenye droo, jambo zuri kabisa, lakini ndani ya droo hiyo ilikuwamo adapta ya ruta ya zamani iliyokwishakufa. Zote nyeusi, ncha zake zinalingana. Umeme uliporudi gizani giza akachukua isiyo yake.

Tukaifukua ile ya sawa, tukachomeka, tukasubiri. Saa sita kasoro dakika nane taa zote zilikuwa zimetulia. Mama alipotokea kwenye simu alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Geuka mwanangu nikuone mgongo." Akageuka. Mama akatizama, akaniita: "Bi fundi, hapo nyuma ya shingo pamekuja chini mno, baba yake hatopapenda." Na kweli, bi harusi mwenyewe alikuwa hathubutu kuniambia. Nilikuwa na siku tatu mbele yangu, nikaweka kipande cha lesi, na siku ya nikah mama mwenyewe ndiye aliyempangia shela.

Kwa hiyo, dada zangu, usiku wa leo chukueni kipande cha plasta au karatasi ya gundi, muandike "RUTA" kwenye adapta yake. Namba ya V lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye ruta. Namba ya A inaweza kuwa sawa au kubwa zaidi, isiwe ndogo. Ukiweka yenye V kubwa kuliko inayotakiwa unaweza kuiunguza kabisa.

Laini na kifurushi

Ruta nyingi za visiwani kwetu zinatumia laini ya simu ndani yake. Hizi zina maradhi yake. La kwanza ni kifurushi kumalizika, na kinamalizika kimya kimya: waifai inaonekana imejaa, hakuna kinachofunguka. Vifurushi vyengine havikatiki, kasi ndiyo inayoshushwa mpaka ukadhani ruta mbovu.

Ukitaka kujua, izime ruta kabisa, toa laini, ipanguse kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye simu uone kama inapata intaneti na uulize salio. Ikifanya kazi kwenye simu, irudishe kwenye ruta, usawa ule ule uliochorwa pembeni ya tundu. Hewa yetu ya chumvi huwa inaweka kutu kwenye vyuma vidogo, na kuipangusa tu pengine kunatosha.

Mabibi harusi, hapa nawaomba mnisikilize. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole, kwa jina la mtu mmoja. Ukihamia kwa mumeo na ruta uliyonunuliwa na kaka yako, laini ni ya kaka. Siku ikifungiwa au ikapotea, huduma kwa wateja watamtaka yeye, si wewe. Kama biashara ni yako, sajili laini kwa jina lako na ujue namba yake. Wengi wana ruta mwaka wa pili na namba ya laini iliyomo hawaijui, wala hawajui waongeze salio kwa namba gani.

Pa kuiweka

Usiiweke chumbani kwako. Nasema hivi kwa sababu mbili. Moja, siku fundi akija lazima, ataingia ukumbini na si kwenye chumba chako cha kulala chenye kitanda na nguo zako. Pili, mawimbi yanataka kati kati ya nyumba na juu kidogo, si sakafuni nyuma ya kabati.

Kuta za mawe zinayameza mawimbi. Bati, kioo kikubwa cha kujitizamia na mlango wa friji vinayarudisha. Ruta nyingi mpya zinatoa waifai za aina mbili: ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini haipendi kuta, na ya 2.4 GHz ni ya polepole ila inafika mbali. Ukiwa chumba cha ndani, chagua ya 2.4. Na ikiwa tanuri ya mikrowevu ndiyo inayokatisha intaneti kila unapopasha chakula, hujarogwa. Nayo inatumia mawimbi ya karibu na hayo ya 2.4, basi zitenganishe.

Ruta inayotumia laini iko tafauti kidogo: hiyo ikae karibu na dirisha linaloelekea mnara wa simu. Isogeze, subiri dakika mbili, tizama vijiti vya mawimbi, isogeze tena.

Lile tundu dogo la nyuma

Nyuma au chini kuna tundu dogo limeandikwa RESET. Mafundi cherehani hatukosi pini, na mkono unawasha. Uzuie. Ukiliminya kwa sekunde kama 10 linafuta kila kitu: jina la waifai, neno la siri, na ile mipangilio ya mtoa huduma. Wenye faiba wanaweza kuhitaji jina la mtumiaji na neno la siri la kampuni ili waunganishwe tena, na wenye laini wanaweza kuhitaji kuandika upya kile kinachoitwa APN. Kama huna taarifa hizo kwenye daftari, usiliguse mpaka umezungumza na mtoa huduma.

Ukitaka tu kuona mipangilio, ungana na waifai yako, fungua kivinjari uandike anwani iliyo chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Neno la siri la mwanzo liko kwenye kibandiko hicho hicho. Kipige picha kabla hakijafutika.

Pengine si nyumbani kwako kabisa

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika ya Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyengine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo unaweza kuizima ruta yako mara mia. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika, muulize jirani anayetumia mtandao ule ule, na mwengine anayetumia tafauti. Wote wakiwa hawana, fanya wudhu, soma Qur'ani yako, usubiri.

Sisi wa Unguja tunajua habari ya waya wa baharini. Umeme wetu unatoka bara kwa njia hiyo hiyo, na tunaokumbuka giza la kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa. Umeme ukikatika, chomoa ruta. Unaporudi huja na nguvu isiyotulia, na ndio unaounguza adapta. Subiri dakika kadhaa ndipo urudishe. Radi za masika zikianza, fanya hivyo hivyo.

Dhana na haki ya jirani

Nimesikia zaidi ya mara moja nyumba ikigombana kwa sababu ya kifurushi. Mume anauliza: "Nimeweka jana, leo kimekwisha, nani alikuwa anaongea?" Mke anakasirika, maneno yanapanda. Kumbe simu mpya inajipakilia picha zote za harusi usiku, au wageni wa walima waliopewa neno la siri wako nyumba ya jirani wanatizama video. Suratul Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi. Basi kabla ya kudhaniana, fungueni ukurasa wa ruta pamoja, mtizame vifaa vilivyounganishwa. Vinaonekana vyote. Harusi ikimalizika, badilisheni neno la siri.

Na sisi tusiwe wageni wa aina hiyo. Suratun Nur imetufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake ruhusa na tutoe salamu. Mtandao wa jirani uliolipiwa kwa pesa yake nao unahitaji ruhusa yake, hata kama mtoto wake amekupa neno la siri.

Jina la waifai nalo lisitangaze nyumba yako. Waifai iitwayo kwa jina lako na namba ya nyumba inamwambia kila apitaye nani anaishi humo.

Fundi akilazimika kuja

Umefuata yote na imekataa, mwite. Mwambie aje wakati mume au mahram wako yupo. Kama haiwezekani, muite mama mkwe, wifi, au jirani mtu mzima akae nawe, mlango uwe wazi, hijabu kamili, maneno ya kazi. Mweleze ulichokwishafanya: "Nimeizima dakika moja, simu zote hazipati, taa ya intaneti ni nyekundu, laini nimeijaribu kwenye simu inafanya kazi." Atamaliza haraka, na hatokutoza pesa ya kuchomeka waya. Akiondoka, badilisha neno la siri.

Kwa anayetaka kubandika kwenye mlango wa friji, mpango ni huu: simu moja au zote; taa; waya; zima dakika moja; salio na laini; jirani; mtoa huduma; fundi mwisho.

Mnakumbuka yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, akaambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee. Basi adapta iandikeni leo, na namba ya laini muitie kwenye daftari kabla hamjalala.

Allah atubarikie nyumba zetu na rizki zetu, awape mabibi harusi wetu ndoa za utulivu na mawifi wa kheri, wa aina zote mbili. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.